Alhamisi Zangu za Kliniki

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni kwangu, Mtoni, mke wangu Ibtisam akininong'oneza kwamba watu wa Kinondoni wanaleta posa ya binti yetu siku ya Alhamisi. Wiki ina siku saba. Wao wakaona Alhamisi ndiyo inayowafaa.

Kwa anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa kifupi, maana si habari ninayopenda kuirudia.

Mimi ni Hamoud, muuza vipuri vya magari, mtu mzima wa miaka hamsini na sita. Miezi kumi na tisa iliyopita polisi waliingia dukani kwangu, wakaondoka na vioo vya pembeni kumi na viwili, hivi mnavyoviita saiti mira, na mimi mwenyewe nikiwa wa kumi na tatu. Wao walisema vioo ni vya wizi. Mimi nilisema nimevinunua. Sote tulisema kweli, na hilo ndilo la kwanza ninaloona haya kulitaja. Nilivinunua bila risiti, kwa mtu ambaye sikumuuliza amevitoa wapi, kwa sababu nilijua akinijibu sitalipenda jibu lake.

Nikalala mahabusu siku tatu. Jirani yangu, Mwalimu Projestus, Mhaya, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kuwa na kesi na mtu, akaja kunidhamini. Nikapewa karatasi ya dhamana ya polisi na kuambiwa niripoti kituoni kila Alhamisi saa tatu asubuhi, mimi na mdhamini wangu, mpaka upelelezi ukamilike. Sikushtakiwa. Sikupelekwa mahakamani. Kila nikiripoti wananigongea muhuri na tarehe nyuma ya ile karatasi, basi, mpaka Alhamisi nyingine.

Ibtisam, ili tusigeuke gumzo la mtaa, akatangaza kwamba nimepatikana na kisukari na kila Alhamisi nakwenda kliniki. Nikamwacha atangaze. Tulidhani ni Alhamisi mbili tatu yaishe.

Alhamisi ya posa ilikuwa ya themanini na mbili.

Saa tatu kamili mimi na Mwalimu tulikuwa kaunta. Koplo alikuwa mgeni kituoni pale, kijana mwenye adabu, akatuamkia sote wawili.

"Marahaba," Mwalimu akaitikia. Yeye ndiye msemaji wetu siku zote, sauti ya darasani haijamtoka. "Tumekuja kuripoti."

"Kesi gani, mzee?"

"Haijawa kesi," nikasema.

"Basi jalada namba ngapi?"

Nikaitaja bila kutazama popote. Namba ya simu ya mke wangu inanipotea mara moja moja, ile haijawahi kunipotea.

Akaingia chumba cha nyuma. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Tukakaa kwenye lile benchi letu ambalo naamini limeshachukua umbo la makalio yetu. Saa sita na nusu koplo akatoka na vumbi kwenye mkono wa shati.

"Wazee wangu, jalada halionekani. Nimeambiwa mpelelezi wenu amehamishiwa mkoani."

"Huyo alikuwa wa pili," Mwalimu akasema. "Wa kwanza alihamishwa mwaka jana."

"Basi itabidi mumngoje mkuu wa upelelezi, yuko kikaoni. Mie siwezi kugonga muhuri bila jalada."

"Afande," Mwalimu akasema, "nikuulize swali langu la kila wiki. Hii dhamana inaishaga lini?"

"Upelelezi ukikamilika."

"Na upelelezi unakamilika lini?"

Yule kijana akatazama huku na huku. "Mzee, hiyo ishu ya wakubwa. Mie hapa hata mwezi sijamaliza."

Tukarudi kwenye benchi. Nikamwambia Mwalimu kwamba nina wageni saa tisa, na kama sitakuwepo, posa ya mwanangu itapokewa na kiti.

"Nami si umenialika?" akasema. "Tutafika pamoja au tutakosa pamoja."

Kisha akatoa leso, akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu.

"Jirani, Jumapili kanisani kwetu walinitaja," akasema. "Padri alisema kuna Mkristo miongoni mwetu anampeleka jirani yake Mwislamu kliniki kila wiki, mvua na jua, mwaka na nusu sasa. Watu wakapiga makofi. Mke wangu Apolonia alilia kwa furaha."

"Wewe ukafanyaje?"

"Nikatazama chini. Wakasema ni unyenyekevu."

Mtu mzima, mwalimu aliyefundisha watoto wa watu kutosema uongo kwa miaka thelathini na nne, nimemfanya asimame kanisani na makofi ambayo si yake. Nikamwomba radhi. Akaniambia radhi nimeshamuomba sana, sasa anachotaka ni tarehe.

Muhuri tuligongewa saa nane na robo, mkuu wa upelelezi alipopita akielekea kula. Hakuuliza chochote. Aligonga, akaandika tarehe, akasema, "Alhamisi." Nikakunja karatasi, nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la kijivu, tukatoka mbio kadiri wazee wawili wanavyoweza kukimbia.

Ibtisam alikuwa uani na sufuria la mafuta. Aliponiona alipaza sauti ili majirani wasikie.

"Baba Hayat, kliniki gani hiyo inakaa na mgonjwa mpaka saa hizi?"

"Foleni," nikasema, nami nikapaza.

Kila Alhamisi nikiingia, kazi yake ya kwanza ni kuchukua ile karatasi mfukoni mwangu na kuifukia kwenye kasha lake, chini ya khanga. Miezi kumi na tisa hajasahau hata mara moja. Siku hiyo mikono yake ilikuwa na unga wa sambusa, na wageni walikuwa wameshapiga simu kwamba wapo Mtoni kwa Aziz Ally. Nikatundika koti nyuma ya mlango wa chumbani, nikavaa kanzu, nikatoka.

Pale sebuleni Hayat alikuwa ananingoja na sahani.

Hayat ndiye mtoto wangu wa pekee, ana miaka ishirini na mbili. Mbali na mimi na mama yake, na Mwalimu, hakuna aliyekuwa anajua kwamba siumwi. Hayat hakuwa anajua.

"Vyako nimekuwekea pembeni, baba," akasema. "Mkate wa kumimina sijautia sukari hata punje. Na chai hiyo hapo. Usije ukachanganya na vya wageni."

Msomaji, umewahi kula mkate wa kumimina usio na sukari? Nimeula kila Ijumaa kwa mwaka na nusu. Na Hayat husimama hapo hapo kuangalia kama nimemaliza.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wiki zote zilizopita nimelipita pembeni. Mwaka jana, mwezi wa tisa, Hayat alipata nafasi ya chuo Dodoma, kusomea maabara. Barua ilipokuja alinifuata dukani. Nilikuwa nimetoka stoo, ambako nyuma ya mabampa huwa naficha kibati cha halua, maana mtu hawezi kuishi kwa mkate ule peke yake.

"Baba, siendi," akaniambia. "Mama hawezi kukuangalia peke yake, na wewe ukiachiwa unakula ovyo. Chuo kipo tu."

Nikamwambia Mungu akubariki, mwanangu. Nilisema hivyo nikiwa na halua mdomoni, nimeibana shavuni asiione. Sijawahi kumwambia mtu yeyote habari hii, na hata sasa naiandika nikiwa nimefunga mlango.

Wageni wakaingia saa tisa na nusu. Walikuwa wawili. Mmoja ni Mwinjuma, mjomba wa bwana harusi mtarajiwa, dereva mstaafu wa malori ya masafa, mtu wa kicheko kikubwa na sauti iliyozoea kushindana na injini. Wa pili ni dada yake, Rumaisa, mama wa Jawad. Jawad mwenyewe hakuja, kama ilivyo ada. Ni kijana anayetengeneza madirisha ya aluminiamu, ameshajenga vyumba viwili Goba, na mara kadhaa nimemkuta Hayat akicheka na simu kwa namna ambayo mzazi anaijua.

Rumaisa akaingia ndani kwa akina mama, ingawa ndani na sebuleni kwangu kunatenganishwa na pazia tu. Mwinjuma akaketi nami na Mwalimu. Akatoa barua ya posa iliyofungwa kwenye leso nyeupe, akaiweka mezani, lakini mkono wake haukuondoka juu yake.

"Bwana Hamoud, sie watu wa barabarani tunasemaga mambo wazi," akaanza. "Binti tumempenda. Nyumba tumeipenda. Lipo moja tu linamnyima usingizi dada yangu."

"Lipi hilo?"

"Sukari yako."

Nikatazama chai yangu.

"Marehemu baba yetu sukari ilianza na vidole, ikaja mguu, ikamaliza na mguu wa pili. Dada yangu ndiye aliyemuuguza. Sasa kasikia huu ugonjwa unaingiaga kwenye damu ya watoto na wajukuu. Hatujaja kuvunja posa yetu wenyewe, hapana. Tunataka tu kujua ni sukari ya aina gani, inaendeleaje. Mwalimu hapa si ndiye anayekwenda nawe? Sifa zako zimefika mpaka Kinondoni, Mwalimu."

"Nashukuru," Mwalimu akasema kwa taabu.

"Daktari anasemaje?"

Mwalimu akavua miwani. Namjua, hawezi kusema uongo hata wa kumsalimia mtu. Akatafuta maneno, akayapata.

"Anasema uchunguzi unaendelea."

"Miezi yote hiyo?"

"Miezi kumi na tisa. Kila wiki tunaambiwa haujakamilika."

"Daktari huyo huyo?"

"Wa kwanza alihamishwa. Wa pili naye leo tumeambiwa amehamishwa. Na faili halionekani."

Mwinjuma akageuka kunitazama, macho yamejaa huruma ya kweli. "Bwana Hamoud, hiyo hospitali inakuua. Mtu gani anachunguzwa miezi kumi na tisa haambiwi anaumwa nini? Kadi yako unayo? Hebu niione, mie nimeshika kadi za baba miaka saba, nazisoma vizuri tu."

Nyuma ya pazia nikasikia chombo kikianguka. Ni Ibtisam.

"Kadi itakuwa..." nikaanza.

"Nakuja nayo, mjomba," sauti ya Hayat ikasema. "Iko kwenye koti lake la Alhamisi."

"Hayat, kaa na mgeni, nitakwenda mwenyewe," mama yake akasema. Lakini alikuwa ameshachelewa, nikasikia ndala za Hayat zikielekea chumbani, haraka haraka, za mtoto anayejivunia kazi yake.

Nikajua sasa nimekwisha. Nilitakiwa kusimama. Nilitakiwa kusema pale pale, jamani, ngojeni, kuna jambo. Mwalimu alinitazama akinisihi kwa macho nifanye hivyo. Nami nikachukua kikombe nikanywa chai chungu, nikaiona tamu.

Ilipita kama dakika tano. Mwinjuma akatusimulia habari za mizani ya Kibaha, sikusikia hata moja. Kisha pazia likasogea na Hayat akasimama pale, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi, mikono mitupu.

"Kadi haipo, mjomba," akasema. "Wamebaki nayo kliniki."

"Wamebaki nayo?"

"Wanabadilisha zile kadi za zamani. Wamesema watampa mpya Alhamisi ijayo."

Alisema taratibu, bila kutetemeka. Mtoto huyu tangu utotoni akivunja kikombe huja mwenyewe na vipande mkononi. Sasa alisimama mbele ya watu wa heshima, akatunga uongo uliokamilika, mzuri kuliko wote tulioutunga mimi na mama yake. Na muda wote alimtazama Mwinjuma. Mimi hakunitazama.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ameiona.

Niliona aibu, ndugu zangu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Niliyozoea ni ile ya kituoni, ya kuitwa "wewe mtuhumiwa" na kijana ambaye ningeweza kumzaa. Hii ilikuwa nyingine. Mahabusu nililala mimi, lakini sasa nilikuwa nimemwingiza na mwanangu.

Hata hivyo sikumkanusha. Uongo ule ulikuwa umetuokoa, nami nikaukubali.

"Basi hakuna neno," Mwinjuma akasema, uso umekunjuka. "Na binti naye angepimwa tu, dada yangu atulie."

"Mie niko tayari, mjomba. Hata kesho," Hayat akajibu, akarudi ndani.

"Mtoto ana adabu huyu. Sasa Bwana Hamoud, Alhamisi ijayo usihangaike na usafiri. Nitakuja na Noah yangu saa kumi na mbili asubuhi, mie, wewe na Mwalimu. Tukachukue hiyo kadi mpya, na huyo daktari wa tatu nimuone uso kwa uso. Mie nikikaa kaunta hawanizungushi. Tushakuwa ndugu, au sio?"

"Ahsante sana," nikasema.

Mwalimu akakohoa mpaka akaletewa maji.

Mwinjuma akaondoa mkono juu ya barua, akaisukuma upande wangu. "Iliyobaki ni yeye mwenyewe. Nenda kamuulize."

Wengi mnaijua ada hii, lakini niiseme. Kwetu posa ikikubaliwa na wazee, baba huingia ndani kumuuliza binti. Kama hataki, atasema hataki, na mambo yaishie hapo. Kama anataka, mwari hashurutishwi kutamka, maana ana haya. Akinyamaza, ndiyo ridhaa yake. Baba hutoka na kuwaambia watu amenyamaza, na watu wakasoma Fatiha.

Nikapita pazia. Ibtisam alikuwa ameketi na Rumaisa, sahani ya sambusa magotini, uso umemwisha rangi. Aliniuliza kwa macho. Nikampita, nikaenda chumbani, nikafunga mlango.

Hayat alikuwa amekaa kitandani. Koti langu alikuwa amelikunja vizuri pembeni yake. Karatasi ilikuwa mapajani.

"Shikamoo, baba," akasema.

Tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi. Nikaitikia hivyo hivyo.

"Umeisoma?"

"Huku mbele tu."

"Mie siumwi, Hayat."

"Naona."

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini?"

Nikakaa kwenye kiti kilicho mbele ya kioo cha mama yake, nikajiona kwenye kioo, nikageuza uso.

"Umeiba, baba?"

"Sikuiba. Nilinunua vitu vya wizi."

"Ulijua?"

"Sikuuliza."

Akatikisa kichwa kidogo, sikujua kwa maana gani. "Na hii inaisha lini?"

"Upelelezi ukikamilika."

"Unakamilika lini?"

"Sijui, mwanangu. Hakuna anayejua. Mwalimu anauliza kila wiki."

"Mwezi wa tisa barua ya Dodoma ilipokuja, ulikuwa hujui kama hii dhamana itachukua muda?"

"Nilikuwa najua."

"Ukasema Mungu anibariki."

"Nilisema."

Afadhali angelia. Angelia ningejua kumshika mkono. Akauliza kama mama yake anajua, na hapa, msomaji, nilifanya jambo dogo la kinyonge ambalo linanichoma kuliko vioo vyote kumi na viwili. Nilimwambia, "Mama yako ndiye aliyesema tuseme hivyo."

Hayat akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu alipotoka na mikono mitupu. Nikatamani niyarudishe yale maneno.

Sebuleni Mwinjuma akaita, "Bwana Hamoud, bibi harusi katorokea dirishani nini?" Akacheka, na Rumaisa akacheka naye.

"Wananingoja," nikasema. "Wamenituma nikuulize. Jawad unamridhia?"

Hayat akainamisha kichwa. Akaigeuza ile karatasi upande wa nyuma, kule kwenye mihuri. Walishaongeza karatasi ya pili na ya tatu, wakazibana kwa pini, na kote kumejaa Alhamisi. Akaweka kidole kwenye muhuri wa kwanza kabisa. Kikashuka kwenye wa pili. Kikashuka kwenye wa tatu.

"Hayat?"

Kidole kikaendelea kushuka. Hakusema ndiyo wala hapana.

Nilisimama pale kwa muda ambao mtu angesoma Alhamdu mara mbili. Najua kimya cha mwari anayeona haya, nilishakiona kwa dada zangu wawili, huwa na tabasamu linalofichwa kwenye mtandio. Hiki hakikuwa hicho. Nilijua si hicho, na kwa sababu nilijua, nilitoka haraka kabla hakijageuka maneno.

Wote walikuwa wamesimama. Ibtisam na Rumaisa walikuwa wamekuja mpaka kwenye pazia.

"Anasemaje?" Mwinjuma akauliza.

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kumwambia ngoja, ndugu yangu, kaa kitako, hakuna kliniki, hakuna daktari, na Noah yako Alhamisi itatupeleka polisi. Posa ingevunjika au isingevunjika, lakini kama ni kuvunjika, ingekuwa imevunjwa na mimi na si na mtoto. Badala yake nilitafuta neno moja ambalo si la uongo, nikalipata.

"Amenyamaza," nikasema.

"Alhamdulillahi!" Mwinjuma akanikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka. Rumaisa akapiga kigelegele. Ibtisam akampokea, machozi yakimtoka, naye akidhani yametimia, kwamba binti ameshasamehe yote mle ndani. Mwinjuma akainua viganja kuanza dua. Nami nikainua vyangu. Mwalimu Projestus, ambaye si dua yake, aliinamisha kichwa kwa heshima, kisha akakiinua akanitazama, maana ni mtu aliyekaa nami benchi moja Alhamisi themanini na mbili na uso wangu anausoma.

Mwinjuma alikuwa amefika katikati ya Fatiha pazia liliposogea.

Hayat alikuwa amevua mtandio wa wageni na kuvaa baibui la kutokea. Kigelegele cha Rumaisa kilikuwa kimeshakwisha, lakini bado alikuwa na mkono mdomoni.

"Mjomba, nisamehe kukukatiza," Hayat akasema. "Baba hakunisubiri."

"Hakukusubiri nini, mwanangu?"

Mkono wake ulitoka ndani ya baibui na ile karatasi, ameikunjua yote, mihuri ikitazama juu.

"Mie sikunyamaza," akasema. "Nilikuwa nasoma."